Siku Niliyochoma Sindano Nikabaki Nimesimama

Hosteli ya Wanafunzi wa Uuguzi,
Chumba namba 9,
Jumamosi, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti sasa linakuruhusu kupanda ngazi bila kupumzika katikati. Baba Mdogo je, kikohozi kimemwachia? Na mapacha, wameacha kugombania kitanda cha juu? Mimi huku ni mzima, nakula kupita kiasi, na jina la Bonge bado linanistahili.

Mama Mdogo, nimechoma! Nimemchoma mtu sindano, mtu mzima na akili zake, na sikuanguka! Ngoja nitulie nikusimulie toka mwanzo, maana maneno yanasukumana.

Barua iliyopita nilikuandikia kwamba masomo yanaenda vizuri. Nisamehe, kuna jambo nilikuficha. Mwezi wa pili tulipangwa foleni kuchanjwa homa ya ini, kama wanafunzi wote wanaoingia wodini. Nilikuwa wa tano. Nikaiona sindano inatolewa kwenye karatasi yake, masikio yakaanza kuvuma, jasho likanitoka, na nilipopata fahamu nilikuwa sakafuni, trei kifuani, wasichana wawili wananipepea kwa madaftari. Mimi huyu wa kilo tisini na nane, niliyekuwa nabeba injini gereji kwa baba! Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao.

Mara ya pili sikucheka. Siku hiyo hata sikuwa nachomwa. Nilimtazama tu mwenzangu akifanya mazoezi kwenye mkono wa plastiki, nikaenda chini. Mkufunzi wetu wa vitendo, mama mmoja mfupi tunayemwita Kamanda, akaniita ofisini. Akanieleza waziwazi kwamba mtihani uko wiki sita mbele, na asiyeweza kuchoma sindano hapati cheti. Akataja nafasi ya kupanga mafaili kwenye chumba cha kumbukumbu. Nilitoka mle nimenywea. Nikafungasha begi, kisha nikalifungua tena. Ningemwambia nini baba, aliyenikanya nisiiache gereji?

Kesho yake nikarudi kwa Kamanda, nikamwambia, "Nifundishe kutoanguka."

Akacheka, na sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. "Hilo linafundishika," akasema. "Ulidhani ni uoga mtupu? Presha yako inashuka ghafla. Tutaipandisha."

Basi ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana, dakika ishirini kwenye chumba cha mazoezi. Nakaza mapaja, tumbo na ngumi mpaka uso upate moto, naachia, nakaza tena, mara tano. Wiki ya kwanza nilishika bomba la sindano tu, bila sindano yenyewe. Ya pili sindano ikakaa mezani na kifuniko chake. Siku ya kufungua kifuniko nililazwa kitandani kama mgonjwa, naikodolea macho huku nimekaza mwili mzima kama mtu anayesukuma lori. Halafu yakaja machungwa ya kujifunzia kuchoma. Nilinunua machungwa mpaka mama wa genge akaniuliza nina watoto wangapi! Wiki ya tano Kamanda akanichanja chanjo yangu iliyobaki. Nilitetemeka kitanda kikalia, lakini sikuzimia.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe ya mtihani. Nilipangiwa dereva wa lori, baba wa makamo, kifua kama mlango. Aliponiona na trei akajivuta hadi ukutani, blanketi kidevuni.

"Kijana, hii ni mara yako ya ngapi?"

Kamanda alikuwa nyuma yangu na karatasi ya maksi. Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Kwa mtu, ya kwanza, mzee wangu. Na mimi mwenyewe naziogopa."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi tufumbe macho wote wawili."

"Mmoja wetu lazima aangalie. Wewe fumba, mimi nitakuangalizia."

Akacheka mpaka blanketi likamteleza. Nikamwonyesha kukaza mapaja na kuulegeza mkono, nami nikakaza yangu. Masikio yakaanza kuvuma. Nikakaza zaidi, yakanyamaza. Nikasafisha bega kwa spiriti, nikavuta pumzi, sindano ikaingia. Alibaki amefumba macho, ananihimiza nianze, na mimi tayari nabandika pamba!

Kamanda alinigeuzia karatasi tu: arobaini na tatu kwa hamsini. Saba amenikata kwa kusahau kuandika saa kwenye kadi.

Nikakimbilia uani kumpigia baba. Unamjua, tangu nije chuo hajawahi kuniuliza habari za masomo. Nilipomwambia nikamsikia akipaza sauti gereji nzima: "Jamani! Mwanangu amemchoma mtu!" Mteja mmoja akauliza kama polisi wameshafika. Baba akarudi kwenye simu, sauti imebadilika, akauliza, "Mkono gani? Hebu nieleze, ulianzaje?" Nikamweleza hatua kwa hatua, naye anauliza kila kitu, mpaka upana wa sindano. Hatujawahi kuongea hivyo, Mama Mdogo. Tuliongea mpaka salio likaisha, na sekunde chache baadaye akapiga yeye.

Sikudanganyi, uoga haujaisha, na Kamanda anasema huenda usiishe. Jumatatu naanza wodi ya watoto, na nina hamu kama mtu anayekwenda harusini.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha wote wawili kila mmoja na salamu yake wasije wakagombana, na Bibi, mwambie mjukuu wake sasa ni mtu wa kuheshimiwa. Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mtamu.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda mno,
Bonge