Usinipe Tisa, Baba

Aberdeen, Jumanne jioni

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na boma lote la Asembo. Goti linakusumbua vipi na hii mvua? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio sijui. Baridi bado inauma, na wazee ninaowatunza hawataki hata kutoka kitandani.

Sikuweza kungoja Jumapili, saa yetu ya kuongea kwa redio, kwa sababu Mama alinipigia simu kutoka Kisumu mlipotoka kwa daktari wa masikio. Alilia, Baba. Alisema husikii tena, hata redio ikifunguliwa sauti yote. Kumbe tangu kabla ya Krismasi unakaa mbele ya mtambo ukitazama mshale tu. Ukipanda, unajua naongea. Ukilala, unajua zamu ni yako.

Sasa nimeelewa ile Jumapili niliyoacha Kiswahili nikaingia Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, ili wengine walio hewani wasinielewe. Nilikuwa nakuambia mimba yangu imetoka. Niliongea mpaka sauti ikakatika. Nilipoachia kitufe ukanijibu kwa furaha: "Tano tisa, nyathina, mwanangu! Unaingia vizuri sana leo. Huku gugumaji limefunga ziwa, mashua hazitoki." Nilizima redio nikalia hadi mume wangu akatoka jikoni kuuliza nimeambiwa nini. Nilikukasirikia, kusema kweli. Wiki nzima nilijiuliza huyu ni baba wa aina gani.

Na ni wewe uliyenifundisha, ulipostaafu posta na kuweka redio pale mezani, kwamba tano ni ya kueleweka na tisa ni ya nguvu, na kwamba mshale unapima nguvu ya mawimbi yanayofika, haupimi maneno. Mtu aimbe, atukane au alie, utapanda vilevile. Ukanifundisha pia kwamba watu wa hewani hupeana tisa hata mshale ukiwa umekwama kwenye tatu. Ni adabu tu, kama kumwambia mwenye nyumba chakula chake ni kitamu. Mimi hujawahi kuninyima tisa.

Kuja siwezi. Makaratasi yangu bado yako kwa watu wa uhamiaji, nikitoka sitaruhusiwa kurudi. Inaniuma kwamba sitakushika mkono.

Kwa hivyo Jumapili washa redio kama kawaida. Sitaongea. Nitatumia kile kitufe cha telegrafu ulichonipa nilipokuwa nasafiri. Nitabonyeza polepole kabisa, alama refu na fupi kama za telegramu zenu za posta, ili mshale upate nafasi ya kupanda na kushuka, nawe usome kwa macho. Nitakutumia jina la mtoto. Alikuwa msichana, walituambia hospitalini. Marehemu mama yako alinijia ndotoni akidai mtoto aitwe jina lake, nami nikampa mtoto jina hilo. Hilo sijamwambia mtu mwingine. Nilitaka wewe ulipokee kwanza.

Barua hii naituma kwenye simu ya rafiki yangu Akinyi, aichapishe kibandani kwake Otonglo, na akifunga akuletee mwenyewe. Mama mpe pole, asijilaumu kwa kuninyamazia, najua ulimkataza. Nisalimie shangazi anayekupikia uji, na yule jirani anayepanda mkaratusi kukaza waya wa antena. Mwambie aukaze kabla ya Jumapili.

Ukishalisoma hilo jina, usinipe tisa, Baba. Nipe vile mshale unasema, hata kama ni mbili.

Ni mimi binti yako,
Awuor