Jeneza la Watu Wanne

Visiga, Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri

Kwa mama yangu mpenzi, Bi. Mwajuma binti Pazi, Marui

Shikamoo, Mama. Ni mimi mwanao Mwanamvua. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri, mgongo umepoa, na mihogo ya bondeni nguruwe wamekubakizia. Huku watoto wazima. Yule mdogo ameota jino la pili na anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake. Mimi mwili mzima, Alhamdulillahi, ila moyo haujatulia, na ndiyo maana utaona kurasa ni nyingi kuliko kawaida yangu.

Kaka Shomari, shikamoo na wewe. Najua ndiye unayemsomea Mama. Nakuomba usome kila neno, hata pale utakapoona nimekuchoma. Usiruke mstari ukasema wino umefifia. Mama atakujua kwa sauti.

Mama, Bibi Siwema amefariki, leo siku ya kumi na mbili. Ulipokuja huku nilipojifungua mtoto wa kwanza, ndiye yule mkunga mwembamba mliyekuwa mkitafuna tambuu naye barazani, mkabishana uji wa mzazi utiwe pilipili manga kiasi gani. Ni mama yake karani Saidi, jirani yetu. Kilichomwondoa ni kifua, na umri alikuwa nao. Kifo chake ni cha Mungu, sina la kusema. Kilichonitoa akili ni sisi.

Huku siku hizi watu tumekuwa mafungu mawili. Wengi tuko kwenye Chama, tunataka uhuru na tunausema mchana kweupe. Wachache, kama huyo Saidi anayeandika hesabu za kazi kwenye shamba la mkonge la Mzungu, wana kadi ya kile chama kingine kinachosema twende taratibu, na Wazungu na Wahindi wawe humo humo. Mwanzoni watu walibishana dukani, wakacheka, wakaachana. Kisha maneno yakawa makali. Tukaambiwa kwamba wenye kadi ile wanapeleka majina yetu kwa Bwana Shauri wa wilaya, Serikali itufunge. Tukaambiwa wanalishwa mabaki ya mezani na wake zao wanaahidiwa nguo. Nani aliona? Hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza.

Siku moja akina mama tukakusanyika uani kwa Bi Zena, kiongozi wetu. Akasimama akasema, "Kuanzia leo wale si wenzetu. Msiwape moto, msiteke nao maji, salamu yao msiitikie. Kwenye shughuli yao, ya furaha au ya msiba, asionekane mtu." Tukapiga vigelegele. Nilivipiga mpaka koo likawasha, Mama. Wala usidhani Zena ni mtu mbaya. Niliposhikwa na ile homa ya kupoteza fahamu, aliyenikanda kwa maji siku nne bila kwenda kwake ni yeye.

Na Tatu, mke wa karani, tulikuwa tukipelekeana mboga. Kesho yake asubuhi nikamkuta kisimani. Akasema, "Mwanamvua, umeamkaje?" Nikageuza uso nikatazama mtungi wangu. Akangoja. Alipoona kimya akajitwika maji yake akaondoka, na mimi nikarudi nyumbani najiona shujaa.

Basi Alhamisi ile, asubuhi, nakaanga vitumbua vyangu vya kuuza, nikasikia kilio kwa karani. Unajua msiba unavyokuwa: anaanza mmoja, jirani anadakia, kabla hujafunga kanga yako uwanja umeshajaa. Siku ile Tatu alilia peke yake. Akanyamaza. Akalia tena. Hakuna aliyedakia. Majirani tulisimama kila mtu mlangoni kwake, tunatazamana.

Mume wangu Ramadhani, ambaye ndiye mpeleka habari wa tawi letu, akaniona nimeshika mtandio.

"Usitoke," akasema.

"Ni Bibi Siwema."

"Najua ni nani. Mimi ndiye niliyepita nyumba kwa nyumba kutangaza. Leo mke wangu aonekane pale, uso nitauweka wapi?"

Nikamwambia nakwenda kwa Bi Zena tu. Na kweli nilikwenda kwake kwanza. Nilimkuta anachambua mchele na wenzake watatu wamemzunguka.

"Bi Zena," nikasema, "maiti ataoshwa na nani?"

Hakuinua kichwa. "Si wana Wazungu wao? Wakawaoshee."

Wale wenzake wakacheka. Na mimi, Mama, kicheko kilianza kunitoka, kikafika nusu. Ndipo nikamwona Bibi Siwema, mtu ambaye hata nywele zake hakuna aliyepata kuziona, amelazwa mtupu mbele ya yule Mzungu wa mkonge na kofia yake. Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Mungu je, akituuliza?" nikasema. "Muislamu akiachwa bila kuoshwa, dhambi ni ya mji mzima. Haichagui kadi."

Zena akaweka ungo chini. "Atakayekanyaga pale, na yeye tumeshamzika."

Nikaenda. Usidhani ni ujasiri, woga nilikuwa nao. Nyuma yangu nikasikia mlango mmoja unafungwa, kisha wa pili. Nilipofika nikapiga hodi. Nikasukuma mlango. Tatu alikuwa amesimama nyuma yake, mchi wa kinu ameunyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa changu.

"Mko wangapi?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Mmekuja kuchoma?"

"Kuchoma nini, Tatu?"

"Nyumba."

Mama, sikuelewa. Nilidhani msiba umemvuruga. "Nimekuja kumwosha Bibi," nikamwambia.

Hakuushusha. Akachungulia nyuma yangu, huku na huku, akaona njia tupu. Ndipo mchi ukamtoka mikononi, akakaa chini pale pale penye kizingiti.

Tatu hajapata kuosha maiti maishani mwake. Mimi ulinifundisha wewe alipofariki Bibi mzaa baba, nikakushukuru moyoni. Tukachemsha maji kwa majani ya mkunazi. Kazi ile hutaka watu wanne au watano. Pazia tulilifunga kwa kamba ukutani kwa kuwa hapakuwa na wa kulishika. Yeye alimwegemeza, mimi nikamwagia. Mikono ya Bibi ilikuwa myepesi kama ya mtoto. Mikono ile imewapokea wanangu wote wawili. Imempokea mtoto wa Zena aliyetanguliza miguu, tukadhani mama na mtoto wote hatutawaona.

Katikati ya kazi Tatu akasema, bila kunitazama, "Sisi tuliambiwa siku bendera yenu ikipandishwa mtatuchinja. Kwamba mashamba yetu mmeshagawana, na wake zetu mnajua nani atamchukua nani. Saidi alihadithiwa kwenye mkutano wao. Tangu hapo mchi haukai jikoni."

"Na wewe ukaamini?"

"Uliponigeuzia uso kisimani, niliamini."

Nikaendelea kumwaga maji. Mimi nichinje mtu, Mama? Mimi ambaye kuku tu namngojea Ramadhani arudi? Lakini si na mimi niliamini kwamba Tatu anauza majina yetu? Na Tatu hajui kuandika hata la kwake.

Wanaume walikuwa wanne. Saidi mwenyewe, shemeji yake kutoka Mlandizi, mzee mmoja mpishi wa kule shambani, na mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuja kwa njia ya vichakani kanzu imejaa nyasi, kwa kuwa na yeye alikuwa anaogopa. Kaburi walilichimba Saidi na shemeji yake tangu asubuhi. Saidi ana mikono ya kushika kalamu. Alipokuja kumchukua mama yake, vidole vilikuwa vimechanika vinatoka damu, na alivificha kwenye kanzu.

Jeneza kwa kawaida halikai begani mwa mtu hatua kumi. Watu hugombea thawabu, huyu anampokea yule, linakwenda kama linaelea. Siku ile watu walikuwa wanne na pembe ni nne, hakuna wa kuwapokea. Nyumba yao iko karibu na barabara kuu, kwa hiyo niliona yote kutoka uani. Walipofika barabarani yule mzee mpishi akashindwa. Wakalishusha jeneza chini, kwenye vumbi, wapumzike. Penye baraza la duka palikuwa na wanaume tele. Waliinuka. Wengine wakashika kofia zao. Hakuna aliyesogeza mguu.

Likaja lori la mkonge, dereva akapunguza mwendo. Utingo aliyekaa juu ya mzigo, mgeni asiyejua lolote, akawauliza wale wa dukani kwa sauti, "Kwani maiti huyu hana watu?"

Lori likapita, vumbi likawafunika wote, wale waliosimama na wale waliokuwa chini na jeneza. Lilipotulia, wakaliinua tena wakaenda.

Siku ile Ramadhani alikula kwa rafiki yake. Siku tatu hakunisemesha. Bi Zena akatuma mtu nirudishe kadi, nikasema aje mwenyewe. Vitumbua vyangu vikawa vinarudi sinia nzima, watoto wakala mpaka wakavichukia. Siku ya nne Ramadhani akaja akachutama kando yangu jikoni.

"Nilikuwa pale dukani," akasema. "Nilitaka kwenda kupokea. Nikaona wote wananitazama."

"Wakasemaje?"

"Hawakusema. Sasa najua walikuwa wananitazama waone kama nitakwenda, ili na wao waende."

Mume wangu akajifunika uso kwa mikono, Mama. Miaka yote niliyokaa naye sijapata kumwona vile.

Juzi Jumamosi akaja mzee mmoja wa Chama kutoka Kisarawe kutuhutubia. Alipopata habari hakutaka hata maji. Akasimama mbele yetu akauliza, "Nani aliwaambia msizike?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nauliza, ni Chama gani kilichosema hivyo?" Hapo ndipo niliposhangaa kuliko hata siku ya msiba. Mmoja akasema alikuwa shamba. Mwingine tumbo lilimuuma. Bi Zena akasema, "Mimi nilisema tusiwachangamkie, sikusema wasizikwe," na ananiangalia machoni! Kumbe mji mzima ulitaka kwenda mazikoni.

Nikasimama. "Mimi nilipiga vigelegele siku ile kwa Bi Zena," nikasema. "Nilivipiga kwa nguvu, na akili zangu nilikuwa nazo." Nikakaa. Zena akatazama chini. Kadi hajaidai tena, wala hajanisalimu.

Jana Saidi na Tatu wamehamia Mlandizi kwa yule shemeji. Nilikwenda kuwafungia mizigo, nikamwomba Tatu radhi. Akanishika mkono akasema, "La Bibi, Mungu atakulipa. La kisimani, Mwanamvua, bado sijaweza." Akapanda gari. Sikumlaumu.

Shomari, usije ukasema mdogo wako amenunuliwa. Kadi yangu ninayo na uhuru nautaka leo kuliko jana. Saidi nadhani amekosea, na nilimwambia hivyo usoni wakati nafunga kamba za mkeka wake. Alinijibu kwamba aliyekosea ni mimi. Tukaishia hapo, tukanyanyua mzigo pamoja.

Sasa Mama, kilichonifanya nishike kalamu leo. Mzee aliyeniletea salamu zenu asubuhi hii ameniambia kwamba huko Marui Mjomba Kibwana hasalimiwi, kwa kuwa ni jumbe wa Serikali. Kwamba Shomari amesimama mbele ya watu akasema asiingie mtu kwake. Kwamba hata wewe Mama, ukimwona njiani unakatisha shambani. Kaka yako wa tumbo moja! Nilimwuliza yule mzee mara mbili kama amesikia vizuri, akaapa.

Shomari, unaposema asiingie mtu kwake, unadhani unasema habari ya kahawa na maongezi. Na sisi tulidhani hivyo. Watu wanazoea upesi mno. Siku ya msiba ikifika utawaambia sasa basi, inukeni, na wao watakaa barazani wanatazamana. Na hujui msiba utakuwa wa nyumba gani.

Nisalimieni wifi yangu mke wa Shomari, na mwanawe niliyesikia ameanza chuo cha Kurani. Nisalimieni mama mdogo anayeuza mikeka, mwambieni ule mkeka wake ndio ninaoulalia mpaka leo. Ramadhani anawaamkia wote, na watoto wanamwamkia Bibi yao.

Na Mjomba Kibwana mpeni shikamoo yangu. Hiyo, Mama, usimtume mtu. Nenda nayo mwenyewe, mchana, upite njia ya mbele, watu wakuone unaingia.

Ni mimi mwanao nisiyekusahau,

Mwanamvua