Kucheua si Kutapika

Tiwi, Alhamisi, Mei 1954

Mvua tangu alfajiri, na paa la zahanati linavuja pale pale juu ya mizani. Nimeisogeza mizani mara mbili. Ninaandika haya miguu ikiwa bado na tope.

Leo nimegundua kwamba kwa majuma matatu nimekuwa nikimtibu mtoto kwa ugonjwa usio wake.

Mtoto ni Hamisi, wa miezi minne. Kila mara aliletwa na bibi yake mzaa baba, Bi Mwanamisi, huku mama yake, Mejumaa, akisimama nyuma na kutazama chini. Bibi alisema, "Mtoto atapika." Nami, dresa, mganga msaidizi wa zahanati, mwenye kalamu sikioni, nikaandika "kutapika" daftarini na kutoa dawa ya tumbo. Mke hasemi mbele ya mavyaa wake. Desturi hiyo naijua tangu utotoni, lakini sikumtafutia Mejumaa nafasi ya kusema. Ulikuwa uvivu tu.

Leo bibi amekwenda Kombani kuuza nazi, na Mejumaa akaja peke yake, amelowa chapachapa. Alitaka dawa yenye nguvu zaidi, kwa sababu kesho asubuhi mkata kimio anakuja nyumbani. Bibi amekwisha kukata shauri: kile kinyama kinachoning'inia kooni ndicho kinachomtapisha mtoto, basi kikatwe.

Nilimwuliza anatapika mara ngapi kwa siku.

"Hatapiki," akasema polepole. "Acheua."

Nikaweka kalamu chini.

Nilimwomba amnyonyeshe pale pale kwenye benchi, nami nikageuka dirishani. Hamisi alinyonya vizuri. Alipolazwa mkekani, maziwa yalimchuruzika kando ya mdomo yakinuka uchachu, akapinda mgongo na kulia. Alipobebwa wima alinyamaza. Daktari aliyenifundisha kazi alisisitiza tutazame kama maziwa yanaruka kwa nguvu, kama yana rangi ya kijani au damu, na kama mtoto anakonda. Hayakuruka, yalikuwa meupe, na mizani inasema Hamisi ameongezeka. Maziwa yanapanda na ukali wa tumbo, yanamchoma koo. Hayo tu.

Nikauliza anafanywa nini akishanyonya. Hulazwa chali, bibi akamsinga tumbo kwa mafuta ya nazi mpaka yaishe kiganjani. Kila mara. Kwa mapenzi.

Alasiri, bibi akiwa amekwisha kurudi, nilipanda baiskeli nikaenda kwao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mvua yote hii, wafuata nini?"

Nilimweleza kwamba nilikosea mimi, na Mejumaa sikumtaja. Nilimwomba amsinge mtoto kabla ya kunyonya, si baada yake, na akishanyonya abebwe wima kwa muda mrefu. Kimio hakina kosa lolote.

Bi Mwanamisi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Wewe ulikatwa kimio, au hukukatwa?"

"Nilikatwa."

"Hebu fungua kinywa."

Nikafungua, mimi ambaye kutwa nzima huwafungulisha wenzangu. Akachungulia.

"Basi wataka nini? U mzima, na kazi ya serikali wafanya."

Nilikasirika, halafu nikaona haya, maana kwa alivyoona yeye alikuwa na ushahidi mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Tulikuwa pacha, bibi. Tulikatwa asubuhi moja, kwa kisu kimoja. Mwenzangu damu haikukoma."

Sijawahi kumwambia mgonjwa yeyote jambo hili.

Alinyoosha ukindu wa mkeka aliokuwa akiusuka. Kisha akaita ndani, "Mejumaa, mnyanyue mtoto. Asilale."

Bibi amekubali mkata kimio aambiwe angoje hadi Jumatatu. Siku nne, si zaidi. Kucheua hakutakwisha kwa siku nne, ila natumaini kilio kitapungua kiasi cha bibi kutambua. Jumapili nitapita tena, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Nimelifuta lile neno daftarini na kuandika "kucheua".

Lakini kuna jambo halinitoki. Nyumbani kwetu husemwa kwamba mimi na mwenzangu tulikatwa kwa sababu tulikuwa tukitapika. Aliyesema hivyo ni bibi yangu. Na mama, aliyekuwa akitunyonyesha, kuna mtu aliyemwuliza?