Ndege ya Ghorofa Aliyoiacha Makoye

Kwa Mzee Bartholomeo,
Mtaa wa Sokoni,
Kagongwa, Kahama.

9 Juni 2024

Mpendwa Shemeji Cornel, Baba Edson,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Brno, pamoja na Mama Edson na mtoto wenu. Habari za kazi ya kiwandani? Na ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi, umepoa? Nasikia mwezi huu kwenu jua linachelewa sana kuzama. Nimefurahi kwa ajili yenu, maana najua Mama Edson anavyolichukia lile giza la Desemba.

Sisi huku tunapumua. Baba yangu amevuna mpunga, si mwingi, ila wa kula upo. Mama miguu bado inamvimba, lakini anatembea mpaka sokoni na kurudi, na akirudi ana habari za mji mzima. Binti yangu Vumilia amekula vizuri leo na sasa amelala.

Utashangaa kuona naandika nikiwa Kagongwa kwa wazazi wangu badala ya Rwamgasa kwangu. Nitakueleza, shemeji. Nimechukua karatasi kwa sababu ukipiga simu unaongea na mdogo wako Makoye, naye anakujibu kuwa kila kitu ni shwari. Mimi nilipokuwa napewa simu hiyo, yeye alikuwa amekaa ubavuni mwangu.

Kwanza, boksi lako la Krismasi lilifika, ingawa lilifika Kwaresima. Asante sana. Makoye alilifuata Geita mwenyewe, akarudi amelikumbatia kwenye bodaboda. Lile la vipande vya plastiki vya kuunganisha, lenye picha ya ndege ya vita vya kwanza vya dunia, ya rangi ya majani makavu, mabawa juu na chini, na nyuzi kila mahali kati ya bawa na bawa. Wewe unazijua ndege hizo kwa majina yake. Makoye anaziita ndege za ghorofa, na Rwamgasa yote siku hizi inaziita hivyo.

Sidhani kama nimewahi kukueleza yale maboksi yalimfanyia nini mdogo wako. Tangu ulipokuja kumzika baba yenu na kumwachia lile la kwanza, jioni zake zilibadilika. Mchana kutwa alikuwa anachoma. Watu wanamletea donge la zebaki iliyoshika dhahabu, analiweka motoni, zebaki inatoka kama moshi, dhahabu inabaki. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu kabla hajanioa. Akimaliza ananawa mpaka kwenye viwiko, anakaa mezani penye dirisha na kibanio chake na gundi. Yale mabaki ya plastiki yanayoshika vipande alikuwa hayatupi. Aliyapasha kwenye mshumaa, akayavuta taratibu mpaka yakawa nyuzi nyembamba kuliko unywele, akazikata na kuzifunga kati ya mabawa, moja moja. Nilikuwa nikimtazama naacha hata kupumua. Mikono yake haikutikisika kabisa.

Yule rubani mdogo wa ndege ya pili alimpaka rangi nyeusi usoni. Nilipomuuliza, alisema babu yenu alibeba mizigo ya wazungu vita ile mpaka mabega yakachubuka, acha sasa apande. Majirani walikuja kumwona babu akiwa ndani ya ndege. Tuliining'iniza sebuleni pamoja na nyingine.

Hii ya mwisho ilimshinda, shemeji.

Ilianza na vipande vidogo. Aliweka kiti cha rubani, kikaa upande. Akakitoa, gundi ikachafua pembeni. Alisema miwani imechoka, nikaenda Katoro kumtafutia nyingine. Akasema gundi ni mbovu, imekaa sana njiani. Akasema ni chai, akaacha chai. Halafu ikafika mahali hawezi kushika kikombe mbele ya watu. Wageni wakija anatoka kwa mlango wa nyuma na kukaa chooni mpaka waondoke. Ni Makoye yule yule ambaye wewe mwenyewe ulikuwa unamcheka kwamba kwenda dukani kununua chumvi kunamchukua asubuhi nzima kwa kusalimia. Usingizi ukamkimbia. Akawa anasema mdomoni anasikia ladha ya msumari. Mtaani wakaanza kusema anakunywa.

Jumapili ya Matawi ilikuwa zamu yake kupitisha kapu la sadaka. Alifika benchi la tatu mkono ukaanza kutikisika. Sarafu ziliruka kwenye kapu, nyingine zikadondoka na kubingirika mpaka miguuni kwa wanakwaya. Kuna waliocheka. Aliliweka kapu kwenye benchi, polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala, akatoka nje. Hajaingia kanisani tena.

Mayu, mama yenu, alikuja kutoka kijijini. Alizitazama ndege zilizoning'inia, akasema kuna mwenye wivu aliyemfunga mwanawe mikono. Akampeleka kwa mfumu, mganga mmoja wa ng'ambo ya Katoro. Simlaumu Mayu, yule ni mtoto wake. Na Makoye, ambaye alikuwa akiwacheka wanaokwenda huko, safari hii alikwenda naye. Alirudi na chale kwenye vifundo vya mikono. Zilipopona, mikono ilikuwa inatikisika vilevile.

Suzana, muuguzi wa zahanati yetu, ndiye aliyeniuliza swali la maana. Nilimpeleka Vumilia kupimwa uzito, nikamweleza habari za baba yake.

Aliniuliza, "Anachomea wapi?"

"Kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, na nyumbani jikoni."

"Jikoni mnakopikia?"

Nikamwambia ndiyo, mvua ikinyesha. Akaniambia nimpeleke mume wangu Mwanza, kwenye hospitali kubwa, na mtoto nimchukue pia.

Tulikwenda baada ya Pasaka. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia Makoye anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole, na sote tukaisikia karatasi ikilia. Akampa kalamu achore mstari wa kuzunguka kama konokono. Alichochora ni kama seng'enge iliyokanyagwa na ng'ombe. Makoye alikitazama kile alichokichora muda mrefu, kisha akaigeuza karatasi upande wa pili.

Wakachukua mkojo na damu. Majibu yalikuja kwamba ni zebaki. Imemwingia kwa moshi miaka yote hiyo. Daktari alisema akiacha, baadhi ya mambo yatapungua, ila hawezi kuahidi kwamba mikono itarudi ilivyokuwa. Asipoacha, atafika mahali hawezi kujilisha. Halafu akasema ya Vumilia nayo iko juu, ingawa dalili bado. Alipokuwa anasema hayo alinitazama mimi.

Kwenye kivuko cha Busisi Makoye alisimama kwenye chuma cha pembeni, akaniambia, "Mimi nilidhani ni uzee." Mtu hajafika hata miaka arobaini na tano.

Na kweli aliacha. Nataka ulijue hilo, maana watu watakuambia hakujaribu. Aliwarudisha wateja. Tukawa tunakwenda shambani wote. Jioni tulikaa mezani kwenye ile ndege, mimi nikiwa mikono na yeye akiwa macho. Sikuwa nimewahi kushika kibanio maishani mwangu. Alinifundisha kuvuta nyuzi kwenye mshumaa. "Usiivute wewe," alikuwa akiniambia. "Iache ilainike, yenyewe itakufuata." Tulibandika bawa la chini. Tukasimamisha vijiti. Tukaweka bawa la juu na kuanza kufunga nyuzi upande wa kushoto. Shemeji, katika miaka yangu yote na ndugu yako sidhani kama tumewahi kuongea kama majuma yale. Alinieleza mambo ya utoto wenu, jinsi mlivyokuwa mnatengeneza magari kwa waya na soli za kandambili, na wewe ndiye uliyekuwa unalia likiharibika.

Kisha Mwigulu akaja. Unamkumbuka, yule mwenye duara, shimo la dhahabu, karibu na shule. Alikaa sebuleni kwetu akasema tangu Makoye aache, anaowapelekea wanamharibia mzigo, na wengine wanamwibia, na yeye hamwamini mtu mwingine. Alisema kwa upole, akatusifia na ndege. Alipoondoka Makoye aliniambia atachoma mara moja moja, kule mwaloni, mahali pa wazi, akisimama upande unakotoka upepo. Nilimkatalia. Akaniahidi kwamba nyumbani hatachomea tena.

Nilirudi kutoka kwenye viazi siku moja ya mvua zile za mwisho, nikaona moshi jikoni kabla sijafika uani. Alikuwa jikoni, amechuchumaa kwenye jiko la mkaa. Vumilia alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anakula hindi la kuchoma.

Nilimchukua mtoto nikamtoa nje mvuani. Kisha nikarudi mlangoni.

"Uliniahidi hutachomea hapa."

"Mvua imenikuta njiani," alisema. "Hii ni kidogo tu."

"Vumilia alikuwa ndani, Makoye."

"Nilimwambia akae karibu na mlango."

Hakuwa amelewa wala hakuwa na hasira. Aliona amemchunga mwanawe vya kutosha.

Baadaye nilimuuliza Makoye kama amesahau daktari alisema nini. Alijibu, "Daktari ana mshahara. Mimi nina mikono hii, na kitu pekee inachoweza bado ni kuchoma. Kushika donge kwa koleo hakuhitaji mkono uliotulia."

Asubuhi nilifunga nguo zetu. Alikaa kwenye mkeka ameikalia mikono yake, kama anavyokaa siku hizi asiione.

"Utarudi lini?"

"Siku utakapokuwa huchomi."

"Mayu nitamwambia nini?"

"Mwambie hivyo nilivyokuambia."

Hakunizuia. Alitubebea begi mpaka kwenye gari la Katoro, na begi lilipomponyoka tuliliokota pamoja. Ile ndege niliiacha mezani, upande mmoja una nyuzi na mwingine hauna.

Najua Mayu amekwisha kukupigia kukuambia nimemtelekeza mgonjwa. Sitabishana naye. Mimi ningekaa nimlishe kwa kijiko mpaka mwisho wa maisha yangu, kama ingekuwa ni yeye na mimi tu. Lakini wako wawili, na mmoja ana miaka mitano.

Nimempeleka Vumilia Mwanza tena. Ile zebaki imeshuka kidogo kwenye damu yake. Daktari amesema nisimrudishe kwenye ile nyumba hata kwa kutembelea tu, kwa sababu imo kwenye udongo wa sakafu na kwenye kuta. Mimi pia wamenipima, majibu yangu bado.

Wiki iliyopita Makoye alikuja hapa. Vumilia alimwona kwanza, akakimbia na kuinua mikono abebwe juu kama zamani. Makoye alirudi nyuma hatua moja. Nikaona anavyoipima mikono yake. Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi la uani, na shati lake jeupe, akamgeuzia mgongo, akasema, "Panda mwenyewe, mama. Nishike shingoni kwa nguvu. Usiniachie mimi kazi ya kukushika." Mtoto akapanda. Akainuka naye polepole, akazunguka naye uani, mikono yake imening'inia pembeni, haimgusi. Mama yangu aliingia ndani akalia.

Alikaa nasi mpaka Alhamisi. Baba alimwambia kuna kazi ya kulinda ghala la mpunga, si nzito. Alisema atafikiri. Ijumaa tulipoamka alikuwa amekwenda stendi. Vumilia alimtafuta mpaka nyuma ya zizi. Mwigulu amenithibitishia kwa simu kwamba yuko kwake, anachoma kila siku.

Sasa shemeji, naomba mawili. La kwanza, usitume boksi lingine. Si kwamba nakukasirikia. Boksi likifika anaamini mikono inarudi, na mimi siwezi tena kumtazama akikosa.

La pili, mpigie. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye anaona haya kumdanganya, ndiyo maana anakata simu haraka. Usimuulize habari za ndege. Muulize habari za mikono yake, kisha unyamaze mpaka akujibu, hata kama atakaa kimya muda mrefu. Na ukiweza kuja, njoo kabla hajafika mahali ambapo hatathubutu kukutazama kwa aibu. Baba Edson, mimi nimefika mwisho wa uwezo wangu, na Mayu ananiona adui.

Msalimie sana Mama Edson Loveness. Mwambie kitenge alichoniletea bado ninacho, ndicho ninachombebea Vumilia njiani. Mbusu Edson. Baba yangu Mzee Bartholomeo anakusalimu, na mama pia. Vumilia anamsalimu baba yake mkubwa, ameniambia niandike kwamba sasa anajua kuhesabu mbuzi wa babu.

Mungu awalinde katika nchi ya watu, awape afya, na akupe maneno ya kumwambia ndugu yako.

Ni mimi shemeji yako, ninayekuheshimu na kukupenda,

Paskazia,
Mama Vumilia