Nukta ya Wino Ukingoni

Muleba, Jumapili baada ya ibada

Tata,

Hukunizaa, na wanao wa Izimbya wanalijua hilo, lakini miaka tisa nilikuita Tata pale maabara na hukunikataza. Siachi leo eti kwa sababu umekufa.

Nimerudi kutoka kozi ya Dar es Salaam. Kiti chako kipo palepale dirishani, hakuna aliyekikalia. Usidhani ni heshima. Watu hawapo. Mwaka ule tulipozika wenzetu wawili kwa huu ugonjwa unaofunga nyumba za watu huku kwetu, uliniambia, "Koku, tumebaki wawili, tusigombane." Sasa nimebaki mmoja, hata wa kugombana naye sina. Asubuhi nawasha taa ya hadubini nasema "haya!" kwa sauti, halafu najionea aibu.

Hadubini ni ileile uliyoifunga blanketi wakati wa vita, ukaibeba kichwani kutoka kule mpakani hadi huku, wenzako wakibeba magodoro. Mama, mkeo, alikununia mwezi mzima kwa kuacha godoro lake. Ulikuwa ukisimulia hayo huku unanitolea punje mbili za kahawa ya kutafuna mfukoni, kila asubuhi, na vumbi la mfuko juu yake. "Tafuna kwanza, macho yafunguke."

Halafu tunaanza kutazama vipande vya nyama vya wagonjwa. "Katikati patakuambia jina la ugonjwa," ulisema. "Ukingoni, kisu kilipokata, patakuambia kama unasafiri." Ulinifundisha kwamba seli njema hukaa kama ndizi kwenye kichana, zimeshikana shingoni. Ndizi ikiiva mno hudondoka, na inabaki pale ilipoangukia. Seli ya kansa hudondoka ikiwa mbichi, kisha inatembea. Hapo ndipo ulipokuwa ukiniudhi na lile swali lako: "Nani anaiambia iondoke?" Foleni imefika hadi mlango wa duka la dawa, damu za watu zinasubiri kupimwa, na wewe unauliza habari za akili ya seli!

Tata, jibu nimelipata. Nusu yake, walau. Mwalimu wa kozi alichora ubaoni seli moja na juu ya ngozi yake vitu vidogo vidogo, vishikizo. Vingine hushika jirani, vingine hushika sakafu ambayo seli imekalia. Lakini si gundi tu. Hupeleka habari ndani: uko kwenu bado, tulia, usizaliane ovyo. Kansa inapoingia, vishikizo vya jirani hupotea na habari za ndani huharibika. Amri ya "nenda" inaendelea kulia hata kama hakuna aliyeita. Seli inayeyusha sakafu chini yake, inashika mbele, inaachia nyuma, inakwenda. Ndiyo hivyo, Tata! Hakuna wa nje anayeiambia. Inajiambia yenyewe.

Na dawa wanazozitafuta sasa si zile za kuua kila kitu mpaka nywele. Wanataka ya kuinyamazisha ile amri, au ya kuizuia seli isipate pa kushika. Bado wanajaribu kwa panya, na mara nyingi ukiiziba njia moja inatoboa nyingine. Nilitaka kuruka kitini nikakupigie simu kwa masista wa misheni, ndio wenye simu. Nilishaanza kutafuta sarafu ndipo nikakumbuka. Nikalia palepale, mwenzangu wa kutoka Tanga akadhani nimefiwa asubuhi hiyo.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Ule uvimbe mweusi wa unyayo wako. Daktari alipoukata ulisema ukingo ukiwa mchafu utapanda meli kwenda Mwanza wakukate mguu, ukiwa safi unarudi kwenye migomba yako. Na kwa sheria yako mwenyewe mtu hasomi kipande chake. Basi nikakisoma mimi. Niliziona, Tata. Zilikuwa zimeachana, moja moja, zimevuka sakafu zimeingia kwenye mafuta, mpaka pale kisu kilipopita. Ulikuwa umesimama mlangoni, kofia mkononi. "Ukingo vipi?"

Nikasema, "Ukingo safi, Tata."

Ilikuwa Alhamisi, siku tatu tangu tumzike mwenzetu wa pili. Niliiona ile meli ikikuchukua, nikakiona kiti kitupu, nikaogopa. Nikajidanganya kwamba kioo cha pili chenye kipande chako kimeshapelekwa Mwanza kwa daktari wa kusoma vipande, basi ukweli atausema yeye. Barua yake ilichelewa miezi, ikafika tumeshakuzika. Ilisema kilekile nilichokiona.

Tangu Alhamisi ile sikuligusa kasha la vioo vyako. Juzi nimelifungua. Kioo chako kina nukta ya wino mwekundu ukingoni, palepale zilipovuka. Mwekundu ulikuwa wako peke yako, mimi natumia wa buluu. Na pembeni, kwa penseli, mwandiko wako uliolala: Ijumaa.

Ijumaa! Siku moja tu baada ya uongo wangu. Ulivunja sheria yako, ukajua, na Jumatatu ukaja unachechemea ukanipa punje zangu mbili. Miezi minane, Tata, kila asubuhi. Nimekukasirikia sana. Kwa nini hukwenda? Ulitaka kuzikwa kwenye kibanja chako cha migomba ukiwa na miguu miwili? Au uliona usoni mwangu kwamba siwezi kubaki peke yangu, ukanibakia? Mama nimemuuliza jana pale Izimbya, tukiwa tumekaa karibu na kaburi lako. Amesema tu, "Alikuwa mbishi." Ungenigombeza ningepata pa kuanzia. Sasa nabeba huruma yako, nayo ni nzito kuliko matusi.

Ijumaa hii alisimama mlangoni mama mmoja kutoka visiwani, mchuuzi wa dagaa, titi lake limekatwa. Aliniuliza kama ulivyouliza wewe. Nikamwambia ukingo si safi na lazima asafiri. Alilia, nami nikalia, na kesho anapanda meli pale Bukoba na dada yake. Nilitia nukta kwenye kioo chake kwa wino wako. Umebaki robo chupa.

Nakuahidi hili: sitamwambia mtu tena maneno matamu kwa sababu ya woga wangu. Na lile swali lako nitawauliza wote watakaokuja kujifunza, kama watakuja.

Lala salama, Tata. Lakini kabla hujalala, uliniuliza ukiwa mlangoni na kofia mkononi, na bado sijakujibu.

Ukingo haukuwa safi.

Mwanao wa maabara,
Koku