Doa Juu ya Bega la Kushoto

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Dada anayekutunza ameniambia unaficha vidonge chini ya mto. Mama, kwa umri huo! Sisi huku wazima, ni baridi tu inatutafuna. Mjukuu wako amepata chuo cha mbali, anaondoka Septemba. Nimemuuliza anataka zawadi gani, akasema picha yangu nilipokuwa na umri wake.

Nimeitoa ile ya siku niliyoondoka nyumbani kwenda chuo, uliyonipiga bila mimi kujua. Nimeiingiza kwenye kompyuta niitengeneze. Mama, uliikata karibu mno. Nywele zinagusa ukingo, upande wa kushoto hauna pa kupumulia. Halafu kuna doa la kijivu juu ya bega la kushoto, limelainishwa kwa brashi. Nimehariri picha gazetini miaka kumi na minane, mkono wa fundi nikiuona naujua. Ulifuta nini pale? Kama filamu yake bado ipo, nitumie nianze upya.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kipo, kinanikosesha usingizi kama kawaida yake. Vidonge navimeza vikinipendeza. Mpe mjukuu wangu hongera, umwambie bibi yake anajivuna mtaa mzima.

Picha ile niliikata kwa sababu nyuma kulikuwa na fujo, mabango na waya za umeme. Baba yako alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza aliponiingiza chumba cha giza, kile alichosafishia picha: toa kila kinachopiga kelele, uache uso useme. Hilo doa ni vumbi. Punguza mwanga hapo, hutaliona tena. Filamu sijui iliko.

Mama yako

5 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Unakula?

Nisamehe, lakini umenidanganya, tena umedanganya vibaya. Vumbi gani lenye upana wa kichwa cha mtu? Nimeongeza mwanga badala ya kupunguza, na chini ya rangi yako kuna ukingo wa sikio. Nani alisimama nyuma yangu? Baba hakuwepo. Alikuwa amejifungia chumba cha giza, taa nyekundu inawaka juu ya mlango, na nyumbani kwetu hata mtoto mchanga alijua mlango ule haufunguliwi taa ikiwaka. Nilisubiri hadi nikaona aibu. Ndipo nikatoka.

Niambie ukweli.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Umepiga simu mara nne na dada akakwambia nimelala. Sikuwa nimelala. Barua hii nimeiandika siku tatu, mistari michache kwa siku, na daktari sasa anahesabu wiki, hataji tena miezi. Nimeshajua siwezi kuondoka na siri hii.

Ni baba yako.

Ulipovuka kizingiti, alitoka chumba cha giza taa ikiwa inawaka. Aliacha mlango wazi, karatasi zote mezani zikaungua na mwanga. Mtu aliyewahi kunifokea kwa kufungua ufa wa kidole! Alikwenda dirishani akaweka paji la uso kwenye kioo. Wewe ulikuwa barabarani, mgongo kwake, kidevu juu. Mimi nilikuwa mbele yako ng'ambo ya barabara na kamera, nimejibanza usinione; ya mlango na karatasi niliyakuta baadaye. Nikabonyeza.

Nilipoisafisha niliona alikuwa analia, juu ya bega lako la kushoto, karibu kabisa. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile, na nikaiharibu kwa mikono yangu. Nilikata mwili wake nje. Uso haukukatika bila kukukata wewe, basi nikaupaka rangi kwa brashi namba moja, polepole, asubuhi nzima.

Nilijua ukimwona utarudi. Mimi pia niliwahi kupata nafasi ya chuo. Baba yangu alilia mlangoni nami nikaweka sanduku chini. Niliapa sanduku lako halitawekwa chini.

Lakini hilo siyo baya kuliko yote. Baba yako aliniona nikipiga. Aliniuliza, "Umemtumia?" Nikasema ndiyo. "Ameona?" Nikasema ameona. Tangu siku hiyo kila posta ilipofika alikuwa wa kwanza mlangoni, akijifanya anafagia. Miaka kumi na moja. Alikufa akiamini ulimwona akilia, ukanyamaza. Nawe ulikuwa unanyamaza ukiamini hakutoka kukuaga. Nilikaa katikati yenu nikipika na kufua, na neno moja langu lingetosha.

Mwanzo niliogopa utarudi. Baadaye niliogopa mtanichukia. Mwisho alikufa, nikaona hakuna tena wa kumwambia. Nilijidanganya. Wewe ulikuwepo.

Filamu ipo, haikupotea hata siku moja. Nimeifunga humu. Itengeneze unavyojua, macho yangu hayafai tena.

Sikuombi kitu.

Mama yako

14 Juni

Mama,

Shikamoo. Dada ameniambia huinuki tena, na barua unasomewa. Basi dada, soma yote, usiruke.

Nimeichapa. Kwanza niliifunika kwa kitambaa, nikaenda kazini, nikarudi. Halafu nikajaribu kuikata, maana ndiyo kazi yangu. Nikimwacha baba peke yake, ni mzee anayelilia barabara tupu. Nikijiacha mimi, ni ile yako. Nimeshindwa pa kukata. Nimepunguza tu mng'ao wa kioo ili macho yake yaonekane, nikakaa naye hadi chai ikapoa. Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo kabisa, Mama.

Mwanangu anaipenda. Aliniuliza, "Babu anamtazama nani hivyo?" Nikaweka kidole juu ya bega langu pichani.

Sijakusamehe. Sitaki nikudanganye kwa kuwa unaumwa. Nina hasira ambazo haziingii kwenye barua, na baba, mwingine aliyepaswa kuzisikia, ameshakwenda. Nafika Alhamisi, asubuhi. Sikukatazi kulala, wala kuumwa. Ila uwepo, Mama. Nataka nikugombeze ukiwa unanisikia.

Mwanao