Mshororo wa Nne wa Baba

Maskati

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Baba hapo barazani. Mgongo bado unakusumbua? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila joto la chumba cha kufulia hapa hotelini linanikausha kama samaki ng'onda. Kutwa nakunja mashuka.

Mama, ile sauti ya Baba uliyonirekodia nimeisikiliza. Ulisema tangu apate kiharusi anaropoka tu, mara nyumba, mara uji, mara kiti. Na kaka Hamisi anataka kumhamishia kwake Mapinga, akae chumba cha uani na mtu wa kumchunga, maana eti hatambui tena alipo. Simlaumu kaka. Kumwinua Baba kila asubuhi si mchezo, na wewe umechoka. Nililia juu ya mashuka ya watu.

Lakini niliporudia kuisikiliza, kidole changu kikaanza chenyewe kugonga meza, kama Baba alivyotufundisha akiwa kwenye cherehani yake. Nikayaandika maneno:

Mwanangu uliko mbali, nyumba yakosa sauti,
Ulimi haunijali, hausemi kwa wakati,
Uji nanyweshwa, si wali, nashinda juu ya kiti.

Haki ya Mungu, Mama, mzee haropoki! Anatunga! Wewe ulikuwa ukituachia "upuuzi wetu" ukaenda zako jikoni, kwa hiyo ngoja nikueleze. Kila mstari hapo ni mshororo, na kila mshororo una vipande viwili. Hesabu silabi, ndizo mizani: nane huku, nane huku. Tazama na vina, zile silabi za mwisho wa kipande: katikati "li", mwishoni "ti", mishororo yote. Mdomo umepinda, sawa, ulimi mzito, sawa, ila mtu aliyepotelewa na akili atavitoa wapi vina vya kati? Mimi mwenye ulimi mzima vinanitoa jasho.

Halafu umeona ni mitatu tu? Ubeti wake siku zote una minne. Mlidhani amechoka. Wapi! Nilipokuwa mdogo alikuwa akitoa mitatu, wa mwisho ananiachia mimi niumalize ndipo nipewe sahani yangu. Mama, ananiita mimi. Masikini Baba yangu, sijui amengoja tangu lini.

Ruhusa nimepata, nakuja Idi ikipita. Kaka asihamishe kitu kwanza. Mwite akae hapo barazani, nawe umsomee Baba taratibu:

Naja nipike wali, tule, tufunge ubeti.

Nisalimie shangazi wa Zinga, nimevikumbuka vitumbua vyake. Msalimie na Mama Kulsumu wa duka la vitambaa, aliyekuwa akimchagulia Baba nyuzi. Kaka mwambie nampenda, asininunie.

Sasa siri yetu. Kile kipande cha kwanza nimekipunguza mizani moja, makusudi. Nimeandika "naja" pale panapotaka "nakuja". Shairi pungufu namna hiyo huitwa guni, na Baba hajawahi kuliacha guni lipite mbele yake, hata akiwa na homa. Usimdokeze mtu. Msomee, kisha wewe na kaka mtazameni usoni. Akikunja uso, akagonga kidole, akahangaika na ule mdomo wake mpaka likatoka "nakuja", mshike mkono, Mama, umwambie ndiyo, anakuja.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha